Siku Saba South Dakota: Filimbi, Blanketi na Sanamu za Uchumba wa Walakota

Siku ya 1: Vermillion

Tunafuata sanaa ya uchumba ya Walakota, wenyeji wa asili wa Nyanda Kuu, mbuga za katikati ya Marekani. Safari inaanzia Vermillion, mji mdogo wa chuo kikuu kusini-mashariki mwa jimbo la South Dakota, na itaishia kwenye milima ya Black Hills upande wa magharibi. Kwa gari ni zaidi ya kilomita 1,000 ukihesabu michepuko yote. Mwezi unaofaa ni Septemba, na sababu yake utaisikia kwa masikio jioni ya mwisho.

National Music Museum ipo katika eneo la University of South Dakota tangu 1973. Ukiingia, vipite vinanda na fidla uende kwenye filimbi za watu wa Nyanda Kuu. Kwa Kilakota filimbi ya uchumba ni šiyótȟaŋka, maana yake "kwale mkubwa wa nyikani". Masimulizi ya kale yanasema kijana alimfuata elki, kulungu mkubwa wa Marekani Kaskazini, akapotea mwituni, akalala. Usiku alisikia mlio asioujua. Kesho yake kigong'ota alimwongoza hadi kwenye tawi kavu la mwerezi alilokuwa amelitoboa, na upepo ulikuwa ukipita kwenye matundu yale. Akaenda nalo kijijini, akajifunza kulipuliza, na msichana aliyekuwa akimkataa akatoka hemani kumfuata.

Anza ziara ya sanamu hapa, kwa sababu filimbi yenyewe ni mchongo. Nyingi za zamani zina kichwa cha ndege kwenye ncha ya chini, mdomo wazi, kana kwamba ndiye anayelia. Juu ya tundu la sauti hufungwa kipande kidogo cha mbao ambacho mafundi hukiita ndege, nacho huchongwa umbo la farasi, ndege au mnyama mwingine. Mara nyingi jicho hukimbilia nakshi za ubavuni na kukipita kipande hiki, ambacho ndicho kinachoamua kama filimbi italia au itapumua tu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi huchagua mwerezi mwekundu ulionyooka nyuzi, usio na kifundo, urefu wa sentimita 60 hivi na unene wa sentimita 4 hadi 5. (Mti huu ni ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania, yote miwili iliwahi kukatwa kwa wingi kutengenezea penseli.) Hupasuliwa katikati kwa urefu, kila nusu ikachimbwa hadi uwazi wa ndani ufikie kipenyo cha sentimita 2 hivi. Karibu theluthi moja kutoka mdomoni huachwa ukuta mzima wa mbao, usichimbwe. Ukuta huu hugawa filimbi vyumba viwili: cha kwanza hupokea pumzi, cha pili hutoa sauti. Tundu moja hutobolewa kila upande wa ukuta, na ndege akifungwa juu yake pumzi hulazimika kupanda, kupita kwenye mfereji mwembamba kama kadi, kisha kugonga ukingo wa tundu la pili. Nusu mbili huunganishwa kwa gundi ya ngozi na kukazwa kwa kano au kamba ya ngozi sehemu tano au sita. Matundu ya vidole huja mwisho, kwa chuma cha moto. Huanza madogo, kwa kuwa tundu likipanuliwa sauti hupanda, na hakuna njia nzuri ya kuirudisha.

Vipimo vya zamani vilitoka mwilini mwa mtu: urefu wa mkono, upana wa vidole. Ndiyo maana filimbi mbili za kale hazikubaliani sauti, na anayezipima kwa kinanda anapoteza muda. Kinachosikilizwa ni noti ya chini kabisa, matundu yote yakiwa yamezibwa. Ikipulizwa kwa nguvu kidogo lazima itetemeke, iwe kama sauti mbili zinazogombea koo moja. Viwanda vya leo huuondoa mtetemo huo kwa kuuona kasoro, nao wazee wa Kilakota waliuona ndio uhai wa filimbi.

Hitilafu ni zilezile kila mahali. Sauti ikifa baada ya dakika kumi, unyevu wa pumzi umejaa kwenye mfereji: mfungue ndege, futa, acha pakauke. Ndege akisogea mbele hata milimita mbili huziba tundu. Akirudi nyuma, unasikia upepo mwingi kuliko noti. Filimbi isiyolia kabisa mara nyingi inavuja kwenye ukuta wa katikati, na hapo hakuna dawa ila kuipasua upya kwenye gundi.

Oscar Howe, mchoraji Myanktonai (Wayanktonai na Wadakota ni ndugu wa Walakota), alifundisha chuoni hapa kuanzia 1957. Kwake ndipo mwanafunzi wake Bryan Akipa, Mdakota wa Sisseton, alipokutana na filimbi ya Richard Fool Bull, mzee wa Rosebud aliyekuwa miongoni mwa wachongaji wachache waliobaki. Akipa alijifunza kuchonga kwa kuitazama. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya taifa ya mafundi wa sanaa za urithi, tuzo ambayo Kevin Locke wa Standing Rock, mpiga filimbi, aliipata 1990. Kutoka filimbi moja mezani hadi watu wanaozichonga leo ni uzi mwembamba sana, na ulikaribia kukatika.

Siku ya 2: Chamberlain

Kilomita zaidi ya 300 hadi Mto Missouri, nyingi zikiwa kwenye barabara kuu ya I-90. Kabla hujavuka mto, kwenye kituo cha mapumziko kati ya njia za kutokea namba 263 na 265, anasimama Dignity: mwanamke wa chuma kisichoshika kutu, urefu wa mita 15 na ushee, kazi ya Dale Lamphere, iliyosimikwa 2016. Wanawake watatu wenyeji wa asili kutoka Rapid City walikaa kama mifano ya uso wake. Mikono yake imenyoosha mfarishi wa nyota, yaani blanketi la vipande vilivyoshonwa pamoja, nyuma ya mgongo, na vipande 128 vya buluu vya mfarishi huo hutikisika upepo ukivuma.

Sanamu hii haionyeshi uchumba. Tunaiweka mwanzoni kwa ajili ya kitu kilicho mgongoni mwake. Zamani Walakota walijifunika ngozi za nyati wa Amerika, baadhi zikiwa na mchoro wa nyota ya asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 makundi ya nyati yalikuwa yamemalizwa, na wanawake wakaihamishia nyota kwenye vitambaa. Mfarishi huo, wičháȟpi owíŋža, hutolewa leo kwenye harusi, mazishi, na kumheshimu aliyefanya jambo. Nyota ina ncha nane. Ncha yenye safu nne za vipande vinne hutumia vipande 16, na nane zikikutana ni 128. Vipande hukatwa kwa pembe ya digrii 45, kwa hiyo ukingo mmoja huwa umekatwa mshazari wa nyuzi na huvutika kama mpira. Kosa la milimita moja kwa kila mshono huonekana katikati: nyota hufura kama chapati na hakuna pasi itakayoilaza.

Simama chini ya mfarishi huo wa chuma na utazame namna ulivyoshikwa: umefunguliwa wazi, nyuma ya mtu mmoja. Blanketi la uchumba, ambalo kijana alijifunika pamoja na msichana, lilifanya kinyume chake. Lilifunga, na lilifunga wawili.

Mjini kuna Akta Lakota Museum, iliyofunguliwa 1991. Tenga saa mbili. Tazama hasa mavazi ya wanawake yenye shanga mabegani, kwa sababu siku ya sita utayahitaji machoni.

Siku ya 3: Pierre

Mwendo mfupi, saa moja na nusu. Katika Cultural Heritage Center ya jimbo kuna mchongo ambao wengi huuhesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za mbao za Nyanda Kuu: fimbo ya ngoma yenye umbo la farasi, mwili umenyooka mbele kama anayeruka, matundu ya majeraha yakiwa yamepakwa rangi nyekundu. Ni kumbukumbu ya farasi aliyeuawa vitani. Piga simu kabla ya kwenda, kwani vitu vya zamani hivi hutolewa na kurudishwa ghalani ili visiharibiwe na mwanga.

Farasi anahitajika katika simulizi hii. Ndoa iliyoheshimika kuliko zote ilikuwa ile ambayo familia ya kijana ilipeleka farasi kwa familia ya msichana. Walifungwa nje ya hema. Wakichukuliwa kunywesha maji na kuchanganywa na kundi la nyumba ile, jibu lilikuwa ndiyo. Wakiachwa wamesimama hadi jua kuzama, kijana alikwenda kuwachukua mwenyewe, na kijiji kizima kiliona. Neno la kaka zake msichana lilikuwa na uzito mkubwa. Zaidi ya njia hii, wawili waliweza kuoana kwa makubaliano yao, au wakatoroka pamoja usiku na kurudi baadaye kama mume na mke. Ella Deloria, mwanaisimu Myankton aliyeandika kwa makini kuliko wageni wote waliomtangulia, alizieleza ndoa hizo kwa daraja zake za heshima.

Msomaji aliyekulia kwenye posa na mahari ataelewa haraka kile ambacho maofisa wa serikali hawakukielewa: farasi hawakuwa bei. Familia ya msichana ilirudisha zawadi, mara nyingi hema lenye vyombo vyake vyote, na anayepokea alijifunga kwa anayetoa. Mwaka 1883 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilitoa kanuni za makosa ya Wahindi Wekundu, zilizopiga marufuku ngoma kadhaa na ndoa za wake wengi, na zikafanya kosa kumpa jamaa wa msichana mali ili kuishi naye. Adhabu zilikuwa kunyimwa posho ya chakula au kufungwa. Tunaitaja hapa kwa sababu mtu akitazama sanamu ya shujaa na farasi wake peke yao nyikani, asidhani ni hali ya asili. Mahali fulani katikati, kuna sheria iliyowaondoa ndugu kwenye picha.

Siku ya 4: Rosebud

Jaza mafuta Pierre. Kilomita 150 na zaidi kusini, hadi Mission, mji ulio ndani ya hifadhi ya Rosebud, yaani eneo lililotengewa Walakota Wasicangu, kisha St. Francis ambako kuna Buechel Memorial Lakota Museum. Jina ni la padri Eugene Buechel, Mjesuiti aliyekusanya vitu na maneno ya Kilakota hadi alipofariki 1954. Makumbusho haya ni madogo na saa zake hubadilika nje ya kiangazi.

Leo ni siku ya kazi za wanawake, na hapa tunakaa kwa muda.

Tuanze na kikwaruzio cha ngozi. Mpini wake ni pembe ya elki iliyopinda kama goti, na ncha yake ya chuma hufungwa kwa ngozi mbichi ikikauka. Mwanamke aliuchonga mpini vidoti na mistari: alama moja kwa kila kiasi cha ngozi alizolainisha, alama nyingine kwa joho au hema alilomaliza. Mama au bibi wa kijana aliyetaka kujua msichana ni wa namna gani hakuhitaji kuuliza. Aliusoma mpini. Kwetu sisi huu ni mchongo wa uchumba sawa na filimbi, isipokuwa filimbi husikika mbali na mpini hukaa kimya mkononi, ndiyo maana sanamu za bronzi zimejaa filimbi na hazina vikwaruzio.

Msichana alianza kuposwa baada ya kufanyiwa Išnáthi Awíčhalowaŋpi, ibada ya kuvunja ungo, mojawapo ya ibada saba kuu. Kabla ya hapo hakuna aliyemkaribia. Baada yake pia hakuwa peke yake: bibi alilala karibu naye, na kijana wa thióšpaye ileile, yaani ukoo mpana unaohama pamoja, hakuruhusiwa kumtaka hata kama hawakushirikiana babu wa karibu.

Sasa blanketi. Ngozi ya nyati dume ni nzito mno kulainishwa nzima, kwa hiyo mara nyingi ilikatwa katikati ya mgongo, ikalainishwa nusu kwa nusu, ikashonwa tena. Mshono haukupendeza, ukafunikwa kwa utepe wa miiba ya nungunungu. Ngozi ilipoachia nafasi kitambaa cha sufu cha buluu iliyokolea au chekundu kutoka Uingereza, ukingo wake mweupe ukiachwa uonekane, utepe ulibaki pale pale, sasa kwa shanga za kioo za Venice na Bohemia, ndugu wa zile zilizoshuka kwa karne nyingi katika bandari za Afrika Mashariki. Utepe una urefu wa mita moja na nusu hivi. Duara nne hugawanywa na vipande vya mstatili, na ukivaliwa duara za kati hukaa juu ya bega na mgongo.

Ushonaji wa Walakota hauwekei shanga moja moja. Uzi wa kano huchukua shanga saba hadi kumi, hulazwa, hudungwa, na kurudi. Safu hizo hujibana na kutuna kidogo, kama matuta ya shamba. Ukijaza shanga moja zaidi, safu huinuka na kunasa vitu. Ukipunguza moja, uzi huonekana na ngozi hujikunja pembeni. Sindano haipiti hadi upande wa pili wa ngozi, hupita katikati ya unene wake. Anayeipitisha kote ataona nyuzi zikikatika ndani ya mwaka, zinaposuguliwa na mwili.

Siku ya 5: Pine Ridge

Barabara ya 18 kuelekea magharibi, kilomita 160 hivi. Kati ya Mission na Martin unavuka mstari wa saa: rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, la sivyo utafika mlangoni kabla ya funguo. Beba maji na fedha taslimu. Mtandao wa simu hukatika kwa vipande virefu. Njia ya kaskazini kidogo hupita Wounded Knee, ambako wanajeshi waliua mamia ya Walakota tarehe 29 Desemba 1890. Hapo hatuzungumzii uchumba. Simama, nyamaza, usipande kaburi kutafuta picha.

Heritage Center katika shule ya Maȟpíya Lúta, kabla ikijulikana kama Red Cloud, imekuwa na maonyesho ya sanaa ya wenyeji tangu 1969. Ni mahali pazuri pa kuuliza maswali, kwa sababu wauzaji wanawafahamu wasanii.

Swali la leo: walisimamaje ndani ya blanketi? Jibu bora limo katika michoro ya daftari, ile ambayo wanaume wa Nyanda Kuu waliichora kwa penseli kwenye vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara na wanajeshi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mandhari ya uchumba hurudiwa mara nyingi. Msichana ametoka nje ya hema jioni. Kijana amemfunika kwa blanketi lake, vichwa vyote viwili vimezama ndani, na chini inaonekana miguu minne. Nyuma yake vijana wengine wamesimama na mablanketi yao, wakingoja zamu. Hema liko hatua chache tu, na ndani yake yumo bibi.

Yaani faragha ilitengenezwa kwa kitambaa, katikati ya watu. Kila aliyepita aliangalia kwingine kwa adabu. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Asiyetaka alijitoa, na wa pili akasogea. Msichana mwenye sifa njema aliweza kuzungumza na watano jioni moja bila aibu yoyote. Mchana mahali pa kukutana palikuwa njia ya maji: kijana alikaa majanini, akatupa kijiwe au akavuta ncha ya vazi. Msichana akisimama, kuna tumaini. Akiendelea kutembea na ndoo yake, basi.

Na filimbi ilikuwa wapi? Mbali, kwenye kilima nje ya kambi, usiku. Kijana alipiga wimbo wa mapenzi ambao ulikuwa na maneno yanayojulikana, mara nyingi maneno yaliyowekwa kinywani mwa mwanamke, na hemani aliyelengwa aliyajaza mwenyewe. Kwa hiyo filimbi na blanketi havikutumika dakika moja. Filimbi iliita kutoka mbali, blanketi lilifuta umbali. Kumbuka jambo hili utakapoingia madukani kesho.

Siku ya 6: Rapid City

Kilomita 170. Mjini, kila kona ya katikati ina rais wa Marekani wa bronzi, ukubwa wa mtu. Pita. Ndani ya The Journey Museum kuna Sioux Indian Museum (Sioux ni jina la jumla la Walakota, Wadakota na ndugu zao), na humo ndimo pa kukumbushia macho mavazi halisi kabla ya kuingia kwenye maduka ya sanaa.

Sanamu ya wawili ndani ya blanketi ni mtaji wa kudumu wa wachongaji wa bronzi wa magharibi, na sababu moja ni ya kiufundi. Umbo limefungwa, halina mikono inayochomoza, hukaa imara kwenye kitako. Mchongaji hutengeneza kwa udongo, akavika mpira wa silikoni kupata kalibu, akamimina nta yenye unene wa milimita 4 hadi 6, akaifungia mirija ya nta ya kupitishia madini. Nta huchovywa kwenye uji wa kauri na mchanga mara saba, nane au zaidi, kila tabaka likikauka. Tanuri huiyeyusha nta itoke, na bronzi ya joto la zaidi ya nyuzi 1,100 humiminwa mahali pake. Bronzi hunywea karibu asilimia 2 ikipoa. Mikunjo mirefu ya blanketi hunasa hewa; pembezoni nyembamba madini huganda kabla ya kufika. Sanamu kubwa hukatwa vipande na kulehemiwa, na fundi mvivu utamjua kwenye mshono wa kulehemu unaovuka shanga bila kuchongwa upya.

Filimbi huleta taabu zaidi. Fimbo ya bronzi nyembamba kama filimbi halisi huvunjika kwa urahisi, basi huongezwa unene hadi kijana aonekane ameshika rungu. Tazama pia inavyoshikwa: šiyótȟaŋka hupulizwa ncha, mbele ya mwili, ikielekea chini, mikono yote miwili ikiwa juu ya matundu. Ukiona imeshikwa ubavuni kama filimbi ya okestra, mchongaji hakuwahi kushika hata moja. Ukiona kijana anapiga filimbi huku amemfunika msichana kwa blanketi, ameunganisha jioni mbili kuwa moja. Linauzika, lakini halikufanyika hivyo. Kilemba kirefu cha manyoya ya tai kichwani mwa mchumba ni kosa kubwa zaidi, maana kile ni cheo cha vita na baraza. Kijana alijipamba kwa nywele zilizosukwa na kufungwa ngozi ya fisi maji, kioo chenye fremu ya mbao iliyochongwa, na rangi usoni. Kwa mwanamke angalia mstari wa nywele uliopakwa nyekundu, na kwenye shanga za kifua umbo la nusu duara katikati, ambalo ni kasa, alama ya uzazi na kinga ya mama.

Rangi ya juu nayo husema. Blanketi la sufu mara nyingi ni la buluu. Rangi hiyo hupatikana kwa chumvi za shaba zikipakwa juu ya bronzi iliyopashwa moto, na ni ngumu kudhibiti. Wengi huachia kahawia, na blanketi hugeuka ngozi bila mtu kukusudia.

Ila upungufu mkubwa zaidi hauko kwenye ufundi. Karibu kila mara wawili wako peke yao. Hakuna anayengoja zamu, hakuna bibi, hakuna hema. Mchongaji amechukua kitambaa kilichotengenezwa kwa sababu watu walikuwapo, akawaondoa watu. Bronzi ya watu saba ni ghali na haiuziki kirahisi, tunaelewa. Bado tunangoja atakayeijaribu, hata kwa ukubwa wa meza.

Ukinunua chochote, dai jina la msanii na kabila lake kwa maandishi. Sheria ya 1990 inakataza kuuza kitu kama kazi ya wenyeji wa asili kama siyo. Nambari kama 5/30 chini ya bronzi maana yake ni nakala ya tano kati ya thelathini. Kitu chenye manyoya ya tai kiache kabisa. Sheria ya Marekani hairuhusu kukinunua, na forodhani hakitapita.

Siku ya 7: Crazy Horse na Wind Cave

Mlima wa Crazy Horse, unaochongwa sanamu ya kiongozi wa vita wa Walakota mwenye jina hilo, uko kilomita 65 hivi kutoka mjini. Mzee Henry Standing Bear alimwalika mchongaji Korczak Ziolkowski, kazi ikaanza 1948, uso ukakamilika 1998. Mpango unakusudia urefu wa mita 172 kwenda juu na 195 kwa upana. Wapo Walakota wanaoupenda mlima huo na wapo wanaosema mlima mtakatifu haupasuliwi kwa baruti kumheshimu mtu ambaye hakukubali hata kupigwa picha. Hoja ya pili inatuelemea zaidi.

Mkono unanyooka mbele, shujaa yuko peke yake juu ya farasi. Ndani ya habari zake kuna uchumba uliobadilisha maisha yake. Alimtaka Black Buffalo Woman tangu ujanani, lakini mwanamke huyo akaolewa na mwingine, No Water. Kwenye 1870 mwanamke huyo alimwacha mumewe akaenda na Crazy Horse, jambo ambalo mila ilimruhusu mwanamke, ingawa kwa gharama. No Water aliwafuata, akampiga risasi Crazy Horse usoni. Wazee wakaingilia kati, farasi wakatolewa kama fidia, mwanamke akarudishwa kwa sharti kwamba asidhuriwe, na Crazy Horse akavuliwa cheo cha kuvaa shati la uongozi. Mwaka uliofuata alimwoa Black Shawl, wakapata binti. Kovu lilikuwa karibu na pua. Pale mlimani huoni kovu, huoni wazee, huoni farasi wa fidia.

Ondoka saa tisa alasiri, pitia Custer, ushuke kusini hadi Wind Cave National Park. Huna haja ya kuingia pangoni. Egesha kando ya barabara nusu saa kabla ya jua kuzama, zima injini, usikaribie mnyama yeyote chini ya mita 25. Katika Septemba na mwanzoni mwa Oktoba elki dume huita majike: mlio unaanza chini, unapanda hadi kuwa filimbi nyembamba isiyolingana kabisa na mwili wa kilo 300, kisha unakatika kwa kukoroma. Majike hukusanyika kuuelekea. Wanaume wa Kilakota walioota elki waliaminiwa kupata nguvu za kuvuta moyo wa mwanamke, na wao ndio waliotafutwa kutengeneza filimbi na kuchora elki kwenye vioo vya vijana. Sikiliza mwanzo wa ule mlio, kabla haujapanda. Una mtetemo.

Kama umenunua filimbi, usiiache ndani ya gari juani. Gundi hulainika na mwerezi hutoa utomvu. Wiki mbili za mwanzo ipulize dakika kumi au kumi na tano kwa siku, si zaidi, ili mbao izoee unyevu polepole. Ukimaliza mfungue ndege, futa mfereji kwa kitambaa kikavu, weka alama ndogo ya penseli mahali alipokaa, kisha umfunge tena kesho.